Zamu ya Papa Kashindi

Sifa wangu,

Umetoka sasa hivi na Odette kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na mlango ulipofungwa nyumba imekuwa kubwa ghafla, kama vile mtu ametoa kabati. Sijui nifanye nini na mikono yangu. Nimekunja tena shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Nimefungua begi lako, nimeliangalia, nimelifunga. Sasa nimekaa kwenye meza ya jikoni, jua bado liko juu ya mapaa upande wa bandarini, na nimeamua kukuandikia kabla hamjarudi.

Sitaandika habari za koti, wala za basi, wala za nani atakupokea Cape Town. Odette ameyasema hayo wiki nzima, na unamjua, akisema kitu anakisema mpaka kitu chenyewe kinachoka. Mimi nina jambo moja. Ni ile Jumapili ya kikao, uliposhika nyundo.

Lakini acha kwanza nikuambie vile nina furaha, maana nikianza na lile utafikiri baba yako ni mtu wa huzuni. Nimeoa, Sifa! Katika umri huu, na mvi hizi, na goti hili linalolia nikipanda ngazi, nimeoa. Asubuhi nasikia mtu anaimba jikoni kwa Kirundi, sauti ya chini, na kabla sijafungua macho nafikiri: huyu ni wangu. Pale dukani ninapotengeneza simu wananicheka. Natoka wateja wakiwa bado wamesimama, naenda mpaka kwenye pembe ambapo anasuka watu, eti nampelekea chai, na chai nimeshampelekea muda si mrefu. Namkuta amebana kitana mdomoni, kichwa cha mteja kiko kati ya magoti yake, hawezi kusema, basi anacheka kwa macho tu. Yale macho yananitosha mpaka jioni. Juzi mteja wake mmoja, mama wa Kizulu, alimwambia, “Eish, mama, huyu mzee wako hana kazi?” Odette akatoa kitana mdomoni akamjibu, “Iko nayo. Kazi yake ni mimi.” Nilirudi dukani nikafunga kioo cha simu upande usio wake kwa sababu ya jibu lile. Mwenye simu alikuja akauliza kama nimelewa. Nikamwambia ndiyo.

Unaona? Nimekwisha kupotea. Kalamu ikimfikia Odette hairudi.

Na katika furaha hiyo yote, mwanangu, niko peke yangu. Hilo hakuna aliyeniambia kwamba linawezekana. Nilidhani mtu akipendwa upweke unatoka kwa mlango wa nyuma. Lakini tangu harusi, tukikaa watatu kula, nakusikia unasema “asante, mama Odette,” “hapana, nimeshiba,” “kazi njema, papa,” kwa sauti nzuri, sauti safi, kama ya mtu wa ofisi. Zamani ulikuwa unanikatiza. Ulikuwa unaniambia, “Papa, hiyo ni uongo,” huku mdomo umejaa samaki. Nimeanza kutamani unikatize. Halafu ikaja barua ya kazi kutoka Cape Town, na ukakubali siku ile ile bila kuniuliza. Nilikupongeza, nikalia mbele ya watu wote, wakadhani ni machozi ya fahari. Nusu ilikuwa fahari.

Acha niende pole pole. Nirudi nyuma kidogo.

Mama yako, Riziki, alipokufa ulikuwa mdogo wa kushikwa mkono kuvuka kwenye taa za robot. Tulimzika hapa Durban, mvua inanyesha, watu wa Uvira wachache, wa Bukavu wachache, na majirani Wazulu waliokuja kuimba bila kualikwa, Mungu awabariki. Sikuwa na mtu wa kukuachia. Kwa hiyo ukitoka shule ulikuja dukani, ukakaa chini ya meza yangu ya kazi, kwenye katoni ya vifuniko vya simu, na hapo ndipo ulipolelewa.

Unakumbuka nilivyokuwa najaribu simu? Wengine wanajaribu kwa muziki. Mimi niliona mapema kwamba muziki unadanganya. Simu mbovu ikipiga ngoma huwezi kusikia ubovu wake. Lakini mtu mmoja anayesema pole pole katika ukumbi mkubwa, hapo kila mkwaruzo unajitokeza. Nikagundua matangazo ya Bunge la Cape Town yanayokuja moja kwa moja kwenye simu. Na nikagundua kwamba Baraza la Majimbo, nyumba ile ya juu, ni zuri zaidi kwa kazi yangu kuliko nyumba ya chini, kwa sababu kule chini wanapiga kelele mno. Simu ikiwa nzima, unamsikia vizuri anayeongoza akisema fulani ana nafasi, fulani aketi. Ndiyo ilikuwa alama yangu. Nikimsikia yule wa kwenye kiti bila mkwaruzo, nafunga simu naandika jina la mwenyewe.

Wateja walikuwa wanashangaa. “Papa Sifa, hawa wanagombana nini leo?” Na wewe, kutoka chini ya meza: “Hawagombani. Wanangoja jimbo la mwisho lipige kura.” Ulikuwa bado unapoteza meno ya mbele. Ulijua kwamba mambo ya majimbo yakija, kila jimbo lina kura moja, hata lile kubwa hata lile dogo, na mtu mmoja anaisema kwa niaba ya wenzake. Ulijua kwamba siku ya kumchagua Mwenyekiti wa Baraza, jaji ndiye anakuja kuongoza, kwa sababu hakuna mtu anayeongoza uchaguzi wake mwenyewe. Ulinieleza wewe habari ya makamu wawili: mmoja anakaa kipindi kizima, mwingine mwaka mmoja tu, na anayemfuata lazima atoke jimbo lingine, ili zamu ifike kwa wote. Nilikuuliza, “Nani amekufundisha?” Ukasema, “Simu ya yule mama wa saluni.”

Siku moja uliniuliza swali. Nilikuwa nashikilia waya mdogo kama unywele, sikukuangalia. Uliuliza, “Papa, huyu wa juu mbona hasemi mambo yake?”

Nikakujibu, “Huyo ni mkubwa kuliko wote. Hana haja ya kusema.”

Lile jibu, Sifa, lilikuwa baya, na nimetembea nalo miaka hii yote kama mtu aliyevaa shati ndani nje na hakuna anayemwambia.

Ndiyo maana chama chetu cha watu wa kwetu hapa Durban kilipokua, na watu wa miji minne wakashindwa kusikilizana, mimi ndiye nilileta lile wazo. Mkutano wa wote uwe nyumba ya chini. Juu yake liwe baraza la wazee, kila mji sauti moja: Uvira, Bukavu, Baraka, Bujumbura. Watu wakaliita Seneti, kwa mchezo, halafu mchezo ukakaa. Wakanichagua mimi kuliongoza, na makamu akawa anabadilika kila mwaka mji kwa mji, sawasawa na Cape Town. Ile nyundo ya kupondea nyama ya jikoni kwa kanisa ikawa nyundo yetu. Wewe ulicheka mpaka ukalala chini. “Papa, Cape Town hakuna nyundo ya nyama!” Nikakuambia, “Cape Town hawana watu wa Baraka.”

Nilipenda kukaa pale mbele. Sitaficha. Mtu ambaye mchana kutwa anaulizwa “simu yangu imekwisha?”, akikaa mahali ambapo wazee wanainua mkono na kumngoja yeye, anajisikia amenyooka mgongo. Niliamini kwamba kiti kile ni nguvu. Nilikiona hivyo tu.

Halafu Odette.

Unajua vile tulikutana, ilikuwa simu yake, sauti haikutoka, nikamwekea Baraza la Majimbo asikilize, akasikiliza mpaka mwisho wa hotuba nzima, akasema, “Huyu anayeongoza ana uvumilivu. Mimi ningewapiga viatu.” Nikapenda pale pale. Nilitamani simu iharibike tena. (Iliharibika tena. Usiniulize.)

Tulipotaka kuoana, jambo likaja mbele ya Seneti kama inavyotakiwa, kwa sababu hapa hatuna wajomba wala mashangazi, chama ndicho familia. Na unajua lililokuwa gumu. Matanga ya mama yako hayakuwahi kuondolewa kwao. Hakuna aliyekwenda Uvira kukaa na wakubwa wake, kunywa nao, kusikia wakisema: kilio kimekwisha, mwanaume huyu yuko huru. Tulizika, tukarudi kazini.

Nikajua siwezi kuongoza kikao cha ndoa yangu mwenyewe. Hapo nilikuwa sawa. Zamu ya makamu mwaka huu ni ya Uvira, ni Papa Kashindi, yeye alipaswa kushika nyundo. Na Papa Kashindi ni mtu wa mji wa mama yako. Yeye ndiye alimwita mama yako “mtoto wa kwetu” tangu alipofika hapa na begi moja. Nikaogopa. Nikafikiri, huyu akikaa kwenye kiti, nimekwisha. Basi nikasimama mbele ya watu wote nikasema maneno mazuri. Nikasema hili ni jambo la nyumba yangu, na katika nyumba yangu iko damu moja tu hapa Durban, na damu hiyo inajua kanuni kuliko sisi wote, Sifa aongoze. Watu wakapiga makofi. Mama Faida wa Bukavu akapiga vigelegele. Papa Kashindi aliinamisha kichwa, akatoka mbele, akakaa na watu wa Uvira. Nilidhani nakupa heshima, mwanangu. Na nilidhani pia, chini ya ile heshima, kwamba binti yangu hatanitupa. Yote mawili yalikuwa ndani yangu. La pili ndilo lilisimama likazungumza.

Uliongoza vizuri mno! Hata leo nikikumbuka nacheka. Mimi nikasimama kujitetea, ukagonga: “Papa, kaa. Hujapewa nafasi.” Mtu wa nyuma akapiga kelele, “Yelele, mtoto amemfunga mzee!” Ukagonga tena ukamnyamazisha na yeye.

Papa Kashindi akasema, “Riziki ni mtoto wa kwetu. Nani alifika Uvira kusema kilio kimekwisha? Mnitajie jina moja, nikae.”

Mama Faida akaruka. “Uvira iko mbali, papa! Mwanaume anafua peke yake miaka yote, anakula sombe yenye mchanga. Mnataka abebe kaburi kwa basi apeleke Uvira?”

“Mama Faida, subiri,” ukasema. “Papa Kashindi bado ana nafasi.”

“Sombe yenye mchanga haijaua mtu,” akasema Papa Kashindi. “Sikatai mwanamke. Mwanamke huyu ni mzuri, namwona. Nasema: mtoto wetu aagwe kwanza.”

Mzee wa Baraka akasema hivyo hivyo, asubiri. Watu wa Bujumbura wakasema ndoa iende, na Mama Faida akasema iende leo, na chakula kiko tayari. Mbili kwa mbili. Watu wote wakakugeukia wewe.

Kanuni tulijiandikia sisi wenyewe, tukaiga siku zile ambapo kule Cape Town wajumbe wanapiga kura mmoja mmoja: zikilingana, anayeongoza ndiye anaamua. Hawezi kukataa. Hawezi kusema sijui.

Uliangalia nyundo. Hukuniangalia mimi, wala Odette. Ukasema, kwa ile sauti safi, “Kura zimelingana. Anayeongoza anaamua hivi: matanga ya Riziki yameondolewa. Ndoa iendelee.” Ukagonga.

Vigelegele. Odette alikuwa analia, mimi nilikuwa nalia, mtu akanibeba, goti likalia, kila mtu analia. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata tangu nije nchi hii. Nilikutafuta ili nikukumbatie, ukawa unarudisha viti.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya nikae hapa na kalamu.

Mwezi huu Papa Kashindi aliniletea simu yake. Hatukuwa tumesemezana sana tangu kikao, tunasalimiana, basi. Niliitengeneza akiwa amekaa kwenye stuli. Nikaweka Baraza kuijaribu. Walikuwa wanapiga kura. Anayeongoza anaita majimbo, moja baada ya lingine, na kila jimbo linajibu, na yeye anapokea tu, linalokubali na linalokataa, kwa sauti ile ile. Sauti ilikuwa safi. Nilitaka kuzima, Papa Kashindi akaniwekea mkono.

“Acha,” akasema. Tukasikiliza. Halafu akasema, “Huyu ana jimbo lake. Ana watu wake huko. Unasikia kama ana jimbo?”

Nikasema, “Hapana. Akiwa pale hawezi kulionyesha.”

“Mm.” Akapunguza sauti ya simu. “Zamu ilikuwa yangu, Papa Sifa.”

Nikasema, “Najua. Unisamehe. Niliogopa ungetufunga.”

Akacheka, si vibaya, anavyocheka mtu mzima akimwona mtu mzima mwenzake amevaa viatu vya miguu tofauti. “Ningekufunga na nini? Ungeniacha juu, mimi ningekuwa nimefungwa mdomo. Ningeita tu majina. Mtoto angekaa chini pamoja na wengine. Angesema.”

Kisha akachukua simu yake, akauliza kama nimeweka kioo kigumu au kile laini, akasema “sharp, iko sawa,” akaenda.

Nilikaa pale, Sifa, mpaka wenye duka la pembeni wakaanza kushusha milango. Nilikuwa nasikia tena lile tamko lako. Matanga ya Riziki. Hukusema mama. Mbele ya watu wote walioketi kuamua kama mama yako ameagwa au hajaagwa, mtoto wake peke yake hakuweza kusema mama, kwa sababu nilimkalisha mahali ambapo hilo neno haliruhusiwi. Kila mtu alisema lake. Papa Kashindi alisema, Mama Faida alisema, hata watu wa Bujumbura ambao hawakumjua waliongea juu yake. Wewe ulisema “ana nafasi,” “subiri,” “kaa.” Na mwisho nikakufanya uamue, na uamuzi haukuwa wako, ulikuwa wa kiti. Ulikuwa umeniuliza hilo tangu meno yako yanang'oka. Huyu wa juu mbona hasemi mambo yake? Ulishaona. Mimi nikakujibu habari za ukubwa.

Nikamweleza Odette usiku ule. Nilidhani atanikasirikia kwa sababu ni kama nashuku ndoa yetu. Aliendelea kutenganisha nywele za bandia za mteja wa kesho, za kahawia na nyeusi. Akauliza, “Uliwahi kumuuliza mtoto?”

Nikasema, “Alisema mbele ya watu wote.”

“Sheri wangu, nimeuliza kama ulimuuliza.”

“Hapana.”

“Basi na mimi sijaolewa bado sawasawa,” akasema. “Nimeingia nyumba ambayo mlango mmoja haujafunguliwa. Nilifikiri ananichukia. Kumbe hajapewa nafasi.” Akanishika mkono na ile mikono yake yenye mafuta ya nywele, akasema nikuulize kabla hujaondoka, na kwamba yeye anataka kuwepo, hata jibu likiwa chungu. Unaona niliyemwoa? Unaona kwa nini nafunga vioo upande usio wake? Nampenda kwa njia ambayo nikiieleza watu wananiomba nikae chini.

Lakini nikawa sina namna. Nikikuuliza mimi tu, wewe na mimi, utaniambia lile litakalonifurahisha. Unanijua mno. Umenilea pia, kwa upande wako, tangu chini ya ile meza. Ulikuwa unanificha mambo ya shule ili nilale. Na tukikuuliza sisi wawili, itakuwa kama ofisi. Nikafikiria siku nyingi. Halafu nikakumbuka kwamba kuna zamu ambayo haikutumika.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Papa Kashindi. Nikamwambia kuna kikao nyumbani kwangu kesho saa mbili asubuhi, kabla ya basi, cha watu wachache, na makamu wa mwaka huu anatakiwa kuongoza. Akauliza ajenda. Nikasema: kumuaga Riziki, na mtoto wake kupewa nafasi. Akauliza kama chai itakuwa na maziwa. Nikasema itakuwa. Akasema, “Basi nitakuja na kofia.”

Kwa hiyo usishangae ukitoka chumbani ukamkuta mezani. Nataka ujue leo, usishtukizwe, ndiyo maana barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uisome kabla ya kulala. Kesho huongozi. Kesho wewe ni mjumbe. Mimi pia, na Odette pia, lakini sisi tumekwisha kusema ya kwetu siku ile. Papa Kashindi ana mengi moyoni juu ya mama yako, na kesho hatasema hata moja, kwa sababu ya mahali atakapokaa. Amekubali hilo. Ameniambia ndiyo sababu amekubali.

Hakutakuwa na kura. Sema lolote. Ukisema kilio kwako kilikwisha zamani, nitakusikia. Ukisema hakijaisha, kwamba uligonga ile nyundo kwa sababu hukuwa na njia nyingine, basi hakijaisha, na Odette amesema mwenyewe, kabla sijafungua mdomo, kwamba tukipata likizo yako ya kwanza tutakwenda Uvira watatu, tukakae chini mbele ya wajomba zako, yeye nyuma yangu na wewe mbele yangu. Hatutajifanya kwamba harusi haikuwepo. Ilikuwepo, nilicheza mpaka goti likavimba. Lakini mama yako ataagwa na watu wake, kwa mdomo wako.

Na ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa ile sauti yako ya zamani. Mdomo ukiwa umejaa mkate. Ninaihitaji ile sauti, Sifa. Cape Town itaichukua, na mimi nitabaki hapa na mwanamke ninayempenda na simu za watu, na nikijaribu simu nitasikia ukumbi ule, na nitajua kwamba kwenye ile meza ndogo iliyo chini ya kiti, pale wanapokaa wanaomnong'oneza Mwenyekiti kanuni, kuna mtoto wangu. Nitamsikiliza Mwenyekiti huku nikitafuta pumzi yako nyuma ya maneno yake. Mtu akikaa dukani hataelewa kwa nini simu moja naijaribu muda mrefu hivyo.

Huko utaona watu wengi wakitaka kile kiti cha juu. Mimi sitakuambia ukitake wala usikitake. Utajua kuliko mimi. Ulijua ukiwa mtoto. Ila siku moja mtu akija kwako na maneno mazuri akasema wewe ongoza, wewe ndiye unafaa, mwangalie kwanza kama anakupa nafasi au anakunyang'anya. Mwangalie hata kama ni mtu anayekupenda sana. Baba yako alikuwa anakupenda sana siku ile, na alikuwa na shati jipya.

Nasikia ngazi. Odette anacheka chini huko, na wewe unasema kitu, siwezi kusikia ni nini.

Meza nimeshaipanga. Nyundo nimeiazima kanisani, nimeiosha, iko upande wa mlango, mbele ya kiti cha Papa Kashindi. Odette na mimi tuko upande wa jiko. Kiti chako ni kile cha dirishani, ambacho mguu mmoja ni mfupi, ulichokuwa unakikalia ukila uji mama yako akiwa hai. Atagonga mara moja, atasema jina lako, atasema una nafasi.

Nami sitainua mkono.

Papa yako